Mzee wa mwisho wa msimu: dhahabu ao mchanga uliokwisha kuoshwa?

Kila mara msimu wa mpira unapoelekea mwisho, ekipe ikiwa bado inatafuta pointi mbili tatu, kuna maneno tunayoyasikia kila pahali, tangu Kindu mpaka huku kwetu Nyangwe, sokoni, kivukoni, pembeni ya shimo: «Watuletee fulani! Ule iko na jina! Ule alicheza Mazembe!» Hakuna anayeuliza ule fulani iko na miaka ngapi sasa, ao mara ya mwisho alimaliza dakika 90 ilikuwa lini. Jina linatosha. Ni kama habari ya filon mpya: usiku inasemwa, asubuhi kila mtu amekwisha kubeba beche.

Ndugu wasomaji, sisi hatusemi kwamba mchezaji mzee hana kazi. Wahenga walisema utu uzima dawa, na mpira wa Afrika umetuonyesha mara nyingi kwamba ni kweli. Tunachotaka kuangalia leo ni ile saa ambayo mzee analetwa. Juu ya mzee mmoja yule yule anaweza kuwa baraka mwezi wa 8, halafu akawa hasara mwezi wa 2. Na hasara hiyo iko na mtu wa kuilipa. Mara nyingi si mkubwa wa kilabu.

Shimo lililoachwa

Wachimbaji wanaelewa jambo hili kuliko waandishi wa magazeti. Kati ya Kasongo na Kabambare, nani hajui shimo lililoachwa? Wale wa kwanza walichimba, walipata, wakaondoka. Sasa PDG mmoja anasema: turudi pale, dhahabu haikuisha. Inawezekana anasema kweli. Kuna watu waliopata katika mchanga ambao wengine walikwisha kuuosha na kuutupa. Lakini mchimbaji mwenye akili, mbele ya kulipa vijana wa kuingia chini, anauliza maswali matatu. Wale wa kwanza waliondoka juu ya nini: filon ilikwisha, ao maji yaliingia? Kilichobaki ni kiasi gani? Na kutoa maji, kusimamisha miti, kulisha watu mpaka siku ya kufikia mawe, itakula feza ngapi?

Mtu asiyeuliza hayo, anayekwenda kwa sababu tu shimo lile lilikuwa na sifa zamani, huyo si mchimbaji, ni mcheza kamari.

Komite ya mpira inayomtafuta mchezaji wa miaka 34 ingepaswa kuuliza maswali yale yale. Kilabu chake cha mwisho kilimwacha juu ya nini? Magoti yake yamebakiza nini? Na tunamtaka kwa kazi gani kabisa, kwa dakika ngapi, kwa mechi ngapi?

Kwa nini mwishoni wanabaki wazee

Kuna sababu ya wazi kwa nini majina ya mwisho wa msimu ni karibu yote ya watu wazima. Kanuni za FIFA zinaipa kila nchi vipindi viwili vya kuandikisha wachezaji kwa mwaka: kimoja kirefu mbele ya msimu, kingine kifupi katikati. Ndicho kile ambacho Watanzania wanakiita dirisha dogo, na sisi tunasema mercato. Dirisha likifungwa, mlango unafungwa. Lakini kanuni zimeacha tundu moja: mchezaji ambaye mkataba wake ulimalizika mbele ya dirisha kufungwa anaweza kuandikishwa hata baadaye.

Sasa jiulize: nani anakaa bila mkataba katikati ya msimu? Kijana mzuri wa miaka 22 hawezi kukaa bure, vilabu vitamgombania. Anayebaki nyumbani akingoja simu ni mara nyingi yule aliyetoka kuumia, ao yule ambaye miaka imekwisha kumpita. Ndiyo maana kilabu kinachochelewa kinakuta sokoni mizigo ya jioni. Sisi watu wa Nyangwe ni watu wa soko tangu karne ya 19, tangu wakati wa Wangwana na misafara ya pembe. Tunajua vizuri: anayefika sokoni jua likishuka hachagui, anachukua kilichobaki, na mwenye kuuza anaona machoni pake kwamba iko na haraka.

Kuna kanuni nyingine inayosahauliwa. Kwa msimu mmoja mchezaji anaweza kuandikishwa na vilabu vitatu, lakini anaruhusiwa kucheza mechi rasmi kwa viwili tu. Na katika makombe ya Afrika, aliyekwisha kuchezea kilabu kimoja anaweza kufungiwa njia ya kuchezea kingine mwaka ule ule. Komite nyingi zinalipa kwanza, halafu ndipo zinasoma karatasi.

Wazee waliolipa

Tuanze na yule ambaye kila mtoto wa Kongo anamjua: Robert Kidiaba, golikipa aliyekuwa akishangilia kwa kurukaruka na makalio chini. Alizaliwa 1976. Mwaka wa 2010, TP Mazembe ilipokuwa kilabu cha kwanza cha Afrika kufika finali ya Kombe la Dunia la Vilabu, kule Abu Dhabi, alikuwa na miaka 34. Waliwapiga Internacional ya Brazil 2-0, halafu Inter ya Milan ikawashinda 3-0. Wengi walifikiri hapo amefika mwisho. Mwaka wa 2015, akiwa na miaka 39, alisimama golini Léopards walipochukua nafasi ya tatu ya Kombe la Afrika kule Guinea ya Ikweta, kwa penati. Mwaka ule ule Mazembe ikatwaa tena Ligi ya Mabingwa ya Afrika mbele ya USM Alger, na yeye alikuwa bado mtu wake.

Lakini angalieni vizuri: Kidiaba hakuokotwa njiani mwisho wa msimu. Alikuwa Mazembe tangu 2002. Kilabu kilijua magoti yake, mgongo wake, kilijua siku anapoamka vibaya. Tena ni golikipa, na golikipa anazeeka polepole. Mmisri Essam El Hadary alicheza Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45, akadaka penati ya Saudi Arabia. Winga wa miaka 45 ni vigumu sana kumpata. Kazi ya kusoma hatari inaongezeka na miaka. Kazi ya kukimbia pembeni inapungua. Ukinunua mzee, angalia kwanza unanunua kichwa ao unanunua miguu.

Wa pili ni Trésor Mputu. Mwaka wa 2009 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza barani. Mwaka uliofuata FIFA ikamfungia kwa mwaka mmoja kwa ugomvi na mwamuzi kule Kigali, na Mazembe ikaenda Abu Dhabi bila yeye. Ikafika finali hata vile. Tukumbuke hilo, juu ya wengi wanafikiri ekipe ni jina moja. Baadaye akaenda Kabuscorp ya Angola, halafu akarudi Lubumbashi. Tarehe 13 mwezi wa 4 mwaka wa 2019, katika robo finali ya Ligi ya Mabingwa, Simba ya Dar es Salaam ilitangulia kufunga kule Lubumbashi kupitia Mganda Emmanuel Okwi. Mazembe ikageuza mechi, ikashinda 4-1, na moja ya magoli yale manne ni la Mputu, akiwa na miaka 33. Lakini tena, alirudi kwenye nyumba iliyomlea, na alipewa wakati wa kuingia polepole. Hakufika jana yake na begi mkononi.

Wa tatu ni Meddie Kagere wa Rwanda. Simba ilimchukua mwaka wa 2018 kutoka Gor Mahia ya Nairobi, akiwa na miaka 31. Huyu hakuwa mtoto wa nyumba. Alikuwa mgeni, na wengi walisema ni mzee mno. Msimu wa kwanza alifunga magoli 23 katika ligi ya Tanzania, wa pili magoli 22, na misimu yote miwili Simba ikawa bingwa. Kwa nini ilifaulu? Moja ya sababu ni kwamba alinunuliwa mbele ya msimu. Alifanya matayarisho na wenzake, mguu wake ukazoea pasi zao, mwili wake ukapata muda.

Na wa nne, tutoke kidogo katika vilabu: Roger Milla. Mwaka wa 1990 alikuwa na miaka 38, anacheza mpira wa kustaafu katika kisiwa cha Réunion. Rais Paul Biya mwenyewe alitaka arudishwe katika timu ya Kameruni. Kama ingeharibika, leo tungesema ilikuwa kamari ya kichaa. Ilifaulu: magoli manne, na Kameruni kufika robo finali ya Kombe la Dunia, ya kwanza kwa Afrika. Magoli yote manne aliyafunga akitokea benchi. Kocha hakumwomba kukimbia dakika 90. Alimwomba aingie wakati mabeki wamekwisha kuchoka, asimame karibu na goli, afanye ile kazi moja aliyoijua kuliko watu wote. Mzee alipewa kazi yenye mpaka.

Basi tuko na sababu tatu. Mzee anayelipa ni yule ambaye nyumba inamjua, ao yule aliyepewa wakati, ao yule ambaye kazi yake imepimwa. Akikosa yote matatu, linabaki jina.

Waliokuja katikati

Tuangalie sasa upande wa pili. Clatous Chama wa Zambia alikuwa roho ya Simba. Mwaka wa 2021 waliuza huduma yake kwa RS Berkane ya Moroko. Mwanzo wa 2022, ekipe ikiwa inapata shida nyuma ya Yanga, wakamrudisha katika dirisha dogo. Miaka yake ilikuwa 30, si mzee wa kutupwa, na nyumba ilimjua. Lakini saa ilikuwa imekwenda. Tena katika Kombe la Shirikisho la Afrika hakuweza kuwasaidia, juu ya alikuwa amekwisha kuchezea Berkane, na Berkane ilikuwa katika kundi moja na Simba! Mwisho wa msimu ule Yanga ikachukua ubingwa bila kupoteza hata mechi moja. Chama hakuwa mchezaji mbaya. Mtu mmoja tu, akija katikati, hawezi kujaza shimo lililochimbwa kwa miezi mitano.

Yanga wenyewe walikwisha kuonja dawa ile. Mwanzo wa 2020 walimrudisha Haruna Niyonzima, fundi wa Rwanda aliyeng'aa kwao zamani mbele ya kwenda Simba. Mashabiki walifurahi sana. Ubingwa wa 2020 ukaenda Simba, na ule wa 2021 vilevile. Yanga walipokuja kupanda kweli, walipanda na watu waliokuwa bado na njaa, kama Fiston Mayele wetu, aliyetoka Kinshasa kwenda Dar es Salaam mwaka wa 2021 akitafuta jina, si akiuza jina.

Hapo ndipo tunaona siri ya biashara hii. Mara nyingi mzee wa katikati ya msimu haletwi kwa ajili ya kushinda. Analetwa kwa ajili ya kunyamazisha. Mashabiki wanapiga kelele, rais wa kilabu anaogopa, picha ya jina kubwa na jezi mpya inazunguka katika simu, na kwa wiki mbili watu wanatulia. Wiki mbili zile zinalipiwa mkataba wa mwaka mzima.

Na sisi wa Maniema?

Jambo hili linatugusa kuliko tunavyofikiri. AS Maniema Union ya Kindu ilimaliza msimu wa 2023-2024 nafasi ya pili ya Linafoot, nyuma ya Mazembe. Kwa mkoa usio na barabara za maana, hilo ni jambo kubwa. Mwisho wa 2024 iliingia katika makundi ya Ligi ya Mabingwa, pamoja na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, na Raja na AS FAR za Moroko. Mechi ya kwanza, kule Pretoria, iliwazuia Sundowns 0-0. Watu wengi walilia siku ile, hata wale ambao hawajafika Kindu. Halafu mambo yakawa magumu: sare tatu, kupoteza tatu, hakuna ushindi, nafasi ya mwisho ya kundi.

Ekipe ambayo inazuia lakini haifungi ndiyo inapata kishawishi cha kwanza. Kila mtu anaona kinachokosekana: mfungaji. Na kila mtu iko na jina mfukoni. Sisi tunasema: kama mfungaji mzee anapatikana, aletwe mbele ya msimu, apimwe na daktari, aandikiwe mkataba mfupi, na apewe vijana wawili wa kufundisha. Vilevile hatukatai. Lakini kumleta wakati zimebaki mechi sita, ili aokoe yale ambayo komite ilishindwa kupanga, ni kumdanganya yeye, kudanganya ekipe, na kutudanganya sisi.

Na tuseme wazi nani anaumia. Katika ekipe iko nafasi 11 za kuanza, na chache za benchi. Kila nafasi anayokalia mzee wa jina, kijana mmoja anarudi nyuma. Kijana yule ni wa hapa: wa Nyangwe, wa Kasongo, wa Namoya, wa Kabambare. Baba yake anachimba, mama yake anatwanga mawe ao anauza sombe. Akiona milango ya Kindu imefungwa msimu wa kwanza na wa pili, hatangoja wa tatu. Anauza viatu vyake vya mpira, ananunua tochi ya kichwa, anaingia shimoni. Hatudharau kazi ya shimo, ndiyo inayotulisha. Lakini kijana aingie kwa kuchagua, si kwa sababu nafasi yake ilipewa mtu aliyekuja kumalizia safari yake.

Feza ni ya nani?

Mambo haya hayako katika vilabu vikubwa tu. Hata katika michuano ya kwetu, ile ya sikukuu ao ya chantier na chantier, watu wanachanga. Huyu anatoa franga, yule anatoa mbuzi, mwingine anatoa kidogo ya mavuno ya wiki. Halafu siku tatu mbele ya finali mkubwa mmoja anasema: tumlete fulani kutoka mjini, moto wake watauona. Fulani anafika na pikipiki, analala vizuri, anakula vizuri, anacheza dakika 25, anashika paja, anatoka. Jioni analipwa. Wale vijana waliocheza mechi zote za mbele kwa sahani ya bugali wanatazamana.

Yule fulani pia tusimhukumu. Iko na watoto, na mpira haukumwachia pensheni. Ameitwa, amekuja. Aliyemwita ndiye alipaswa kumpa kazi inayomfaa: aje mwezi mzima mbele, akae na vijana, awaonyeshe namna ya kusimama, namna ya kupokea mpira na mgongo kwa goli, namna ya kutulia wakati uwanja unapiga kelele. Kazi ile, mzee wa miaka 36 anaiweza hata kama paja linauma. Na itabaki hata akiondoka.

Kuna na wale wanaoandika tiketi za parifoot. Hapo vilevile jina linadanganya. Unaona ekipe imemsajili mtu uliyemshangilia miaka kumi iliyopita, unaweka juu yake feza ya shule ya mtoto. Watu wa parifoot hawapangi hesabu yao kwa kumbukumbu zako; wanaangalia nani anacheza leo na anacheza vipi. Feza ya shule ilipe shule.

Tunalotaka kuomba komite zetu, kubwa na ndogo, si mambo magumu. Kama mnamtaka mzee, semeni mbele ya wenye kuchanga: ni kwa kazi gani, kwa mechi ngapi, kwa feza ngapi. Mwulizeni daktari mbele ya kumwuliza mpiga picha. Someni kanuni za kuandikisha na lettre de sortie mbele ya kutoa hata dola moja. Na kwa kila mzee mmoja anayeingia, watajeni vijana wawili watakaocheza pembeni yake, kwa majina, ili mwisho wa msimu tuwaulize walicheza dakika ngapi.

Wazazi nao wako na kazi. Mkutano wa komite ukiitwa, msiwaachie wale wenye sauti kubwa tu. Mama aliyechanga iko na haki ya kusimama na kuuliza feza yake ilimleta nani, na mtoto wake aliachwa benchi juu ya nini. Mercato ya msimu ujao haijafunguliwa. Wakati wa kuuliza ni sasa.